Jinsi ya kuitambua bunduki ya vita kwenye picha ya zamani

Kazi yangu ni kuandika maelezo ya picha za vita katika hifadhi ya kumbukumbu, na hakuna kosa linaloniuma kama askari aliyepewa bunduki isiyo yake. Jina la silaha likikosewa, mwaka nao hupotea, jeshi hupotea, na mwanafunzi atakayeifungua picha ile baada yangu atajenga historia juu ya uongo. Zinazochanganywa zaidi ni bunduki za vita za risasi nzito, yaani 7.62 kwa 51 (kipenyo cha risasi kwa urefu wa ganda, kwa milimita): FAL ya Ubelgiji, G3 ya Ujerumani, M14 ya Marekani na jamaa zao. Hii ndiyo njia ninayoifuata.

Usianze na jina. Anza na risasi, maana ndiyo iliyoamua umbo la kila kitu kingine. Risasi hii, ambayo NATO iliipitisha mwaka 1954, ina urefu wa milimita 71 pamoja na ganda lake, na uzito wa gramu 24 hivi. Ya AK, bunduki ya Kisovieti, 7.62 kwa 39, ina milimita 56. Ya M16 ya Marekani, 5.56 kwa 45, ina milimita 57 na karibu nusu ya uzito huo. Kwa hiyo itazame magazini kwa ubavuni. Ya bunduki ya vita ni pana kutoka mbele kwenda nyuma, karibu na upana wa vidole vinne vya mtu mzima, na kwa bahati nzuri mara nyingi vidole vya askari viko jirani hapo hapo vya kupimia. Aghalabu hubeba risasi 20 na imenyooka au imepinda kidogo sana, kwa sababu ganda lenyewe halisinyai sana kuelekea mbele. Ganda la AK husinyaa, ndiyo maana magazini yake imejikunja.

Lakini unyofu peke yake usikudanganye. M16 za miaka ya 1960 nazo zilikuwa na magazini fupi iliyonyooka ya risasi 20. Upana ndio hakimu.

Kisha pima urefu wa bunduki nzima kwa mwili wa mwenye nayo. FAL ina sentimita 109 hivi, M14 karibu 112, G3 karibu 102, ilhali AK ya kitako cha mbao ina 87 tu. Askari akiwa amesimama na kitako kimegusa ardhi, mdomo wa FAL humfikia kitovuni au zaidi kidogo. Wa AK huishia usawa wa nyonga.

Ukisharidhika kwamba ni risasi nzito, nenda juu ya mtutu. FAL, kazi ya Dieudonné Saive wa kiwanda cha FN, huendeshwa kwa gesi ya baruti: sehemu ya gesi hutolewa kwenye mtutu, inasukuma pistoni iliyo juu yake, na pistoni inarudisha nyuma komeo, yaani kipande kinachoifungia risasi ndani ya chemba. Tafuta basi bomba jembamba linaloishia kwenye kidude cha kurekebishia gesi, na kilengeo cha mbele kimesimama hapo hapo. Mkono wa kukoki uko kushoto.

G3 ina bomba juu ya mtutu pia, na hili ndilo linalowapoteza watu, lakini halipitishi gesi. Mkono wa kukoki hutokea humo, mbele kabisa, upande wa kushoto. Ndani ya bunduki, roli mbili ndogo za chuma hulichelewesha komeo lisirudi kabla shinikizo halijashuka. Mpango huu ulitokana na bunduki ya CETME ya Hispania, na Ujerumani Magharibi iliipokea G3 mwaka 1959. Kilengeo cha mbele kimezungukwa na pete, na cha nyuma ni kigurudumu chenye umbali wa mita 100 hadi 400. Chemba yake ina mifereji, hivyo maganda hutoka na mistari myeusi ya urefu. Picha ikionyesha maganda chini kwa karibu, yachunguze kwa kioo cha kukuzia kabla ya kitu kingine chochote. Angalia pia usije ukaita G3 ile HK33, mdogo wake wa 5.56 anayefanana naye sana. Rudi kwenye upana wa magazini.

M14 ni rahisi: kitako cha mbao cha mtindo wa kale, hakuna mshikio wa bastola, mkono wa kukoki kulia. Ukiona umbo hilo bila magazini iliyochomoza chini, hiyo ni M1 Garand.

Hapa ni lazima uelewe matumizi yake, maana mkao wa askari nao ni ushahidi. Kichwa cha risasi cha gramu 9 na nusu hutoka kwa kasi ya mita 840 hivi kwa sekunde, na bunduki ya kilo nne na ushee haitulii ikimimina risasi mfululizo. Uingereza ililiona hilo mapema. Ilitaka risasi ndogo ya milimita 7 na ikaipitisha bunduki ya EM-2 mwaka 1951, kisha ikaiacha kwa sababu Marekani ilishikilia risasi nzito. Naamini Waingereza walikuwa sahihi. Walipoipokea FAL kwa jina la L1A1, waliifanya ipige moja moja tu.

Vita vya Falklands vya 1982, kati ya Uingereza na Argentina, ndivyo mtihani mkubwa, kwa kuwa pande zote mbili zilibeba FAL. Ukiona kitako cha kukunja, huyo ni Muargentina, maana L1A1 ya Waingereza ilikuwa na kitako kisichokunjwa. Kitako kisichokunjwa hakithibitishi lolote. Hapo soma kofia, mikanda na viatu.

Jambo ambalo wengi hulisahau: filamu ikiwekwa kinyume wakati wa kuchapa, FAL itaonekana na mkono wa kukoki kulia. Tazama tundu la kutolea maganda. Kama liko kushoto, geuza picha kwanza, halafu hakikisha kwa vifungo vya shati.

Picha za karibuni zina mtego wake. Umbali mrefu wa mapigano ya Afghanistan uliirudisha 7.62 mikononi mwa walenga shabaha wa vikosi, na HK417, bunduki ya Kijerumani ya risasi hiyo, inafanana mno na bunduki za 5.56 za jamii ya M16. Mwaka 2022 Jeshi la Marekani lilichagua bunduki ya SIG Sauer ya risasi 6.8 kwa 51, yenye urefu wa ganda ule ule, hivyo kuanzia hapo upana wa magazini hautoshi kutaja kaliba.

Ukifika mwisho bila uhakika, andika kile macho yalichothibitisha tu: “bunduki ya aina ya FAL, kitako kisichokunjwa, nchi haijulikani.” Nyuma ya kadi, kwa penseli, taja alama uliyoitegemea, ili atakayekuja na nakala safi zaidi ajue pa kuanzia.