Kuona kromosomu zikigawanyika kwenye mzizi wa kitunguu

Anayekaa Tanga anajua mkonge unavyooteshwa: vichipukizi vya kwenye mlingoti vinakuzwa kitaluni kisha vinahamishiwa shambani, na kila mche unafanana na mama yake. Chanzo cha ufanano huo ni namna seli inavyogawanyika, na hadubini ya shule inatosha kuonyesha mgawanyiko huo. Tumia kitunguu maji: kromosomu zake, yaani nyuzi zinazobeba urithi ndani ya kila seli, ni 16 tu, tena kubwa.

Hatua ya 1. Nunua sokoni Mgandini, Tanga, vitunguu vigumu ambavyo havijachipua. Kwangua mizizi mikavu bila kujeruhi kitako. Kishikize kitunguu kwa vijiti vya meno juu ya glasi, kitako kiguse maji kidogo tu. Badilisha maji kila siku, maana kwa joto la Pwani kitako huoza upesi. Subiri mizizi ifike sentimita 1 hadi 2.

Hatua ya 2. Asubuhi kata ncha za milimita 5. Zilaze saa 24 katika ethanoli mafungu 3 na asidi asetiki kali fungu 1, vilivyochanganywa papo hapo. Seli zitaganda zilivyokutwa.

Hatua ya 3 ndiyo inayoharibu majaribio mengi. Tia ncha katika asidi hidrokloriki ya 1 M (moli 1 kwa lita), nyuzi joto 60, dakika 5 hadi 8. Asidi inalegeza kinachogandisha seli pamoja. Ukiwahi kuzitoa, seli zitarundikana. Ukichelewa, ncha itasagika kwenye kibano. Unapozimua asidi, mimina asidi ndani ya maji, kamwe si maji ndani ya asidi, na vaa miwani. Suuza mara tatu.

Hatua ya 4. Bakiza juu ya kioo cha hadubini milimita 2 za mwisho, kwani huko ndiko seli zinakogawanyika. Dondoshea asetokamini, rangi inayofanya kromosomu zionekane, ngoja dakika 10, funika kwa kifuniko chembamba cha kioo, weka tishu juu, kisha bonyeza wima kwa kidole gumba. Kifuniko kikiteleza, seli zinajisokota.

Hatua ya 5. Anza na ukuzaji wa mara 100, kisha 400. Seli nyingi zitakuwa zimetulia, endelea kutafuta. Utaona kromosomu zimejipanga katikati, na kwingine makundi mawili yakivutwa pande mbili. Kila kromosomu ilikwisha kujinakili, hivyo kila upande unapata 16 zilezile. Ukiona seli ndefu tupu, umetumia sehemu iliyo mbali na ncha.

Mbegu ina njia nyingine. Chavua na yai hubeba kromosomu 8 kila kimoja, na vikiungana zinarudi 16, nusu kwa kila mzazi. Kuona 16 zikipungua kuwa 8, ponda vifuko vya chavua vya vitumba vichanga sana vya ua la kitunguu, kwa rangi ileile.