Kulinda Haki ya Kukusanyika kwa Amani kupitia Sheria Ndogo

Anza kwa kuisoma sheria ndogo iliyopo, yaani ile ya halmashauri yako inayohusu mikusanyiko, kifungu kwa kifungu, ukitafuta kila mahali panapotajwa "kibali". Neno hilo moja ndilo linaloumiza zaidi, kwa sababu kibali humlazimisha mwananchi kuomba kile ambacho tayari ni chake, ilhali taarifa humjulisha tu mwenye mamlaka ili aandae njia na ulinzi. Haki yenyewe imo katika Ibara ya 21 ya Agano la Kimataifa la Haki za Kiraia na Kisiasa la mwaka 1966, na Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa iliifafanua mwaka 2020 katika Maoni ya Jumla Namba 37.

Kisha andika pendekezo la marekebisho. Palipo na "hakuna atakayefanya mkutano bila kibali", weka "mwandalizi atatoa taarifa ya maandishi, na kukosekana kwa taarifa pekee hakutaufanya mkusanyiko kuwa haramu". Ongeza kwamba mkusanyiko unaozuka ghafla hauhitaji taarifa. Kwamba katazo lolote litolewe kwa maandishi, pamoja na sababu, mapema kiasi cha kuwahi mahakamani. Na kwamba waandalizi wasitozwe gharama za polisi wala za usafi. Hili la gharama hupuuzwa, nami naliona zito, maana ada huwanyamazisha maskini kwanza.

Mpelekee diwani pendekezo hilo kabla ya kikao, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa, na uhudhurie siku ya mjadala.