Gari linalozima njiani na kugoma kuwaka: lipime kabla halijapoa

Gari linalozima likishapata moto, likagoma kuwaka, kisha likawaka lenyewe baada ya nusu saa, humsumbua fundi kuliko gari lililokufa kabisa, kwa sababu likifika gereji halioneshi tena dalili yoyote. Ndivyo lilivyonifanyia gari langu dogo katika barabara ya Chalinze kwenda Morogoro: lilizima mara tatu ndani ya wiki mbili, nikabadilishiwa plagi, kisha pampu ya mafuta, na fedha zote hizo zikawa za kubahatisha hadi siku nilipolipima palepale lilipozimia. Kwa hiyo maelezo haya yanahusu dakika 15 za mwanzo, wakati ubovu bado upo, na yanalenga gari la petroli lenye nozeli na kompyuta ya injini, si la kabureta wala la dizeli.

Injini inapozima gari likiwa katika mwendo, usukani huwa mzito na msaada unaolainisha breki hubakiwa na akiba ya kukanyaga mara chache tu. Kwa hiyo kanyaga mara moja kwa uthabiti, litoe gari barabarani, washa taa za tahadhari na uweke pembetatu. Kabla hujagusa kitu kingine, jikumbushe lilizima kwa namna gani. Lililokatika ghafla, kana kwamba mtu amezungusha ufunguo, mara nyingi lina tatizo la umeme: sensa, koili (inayozalisha umeme wa cheche za plagi), rilei (swichi ndogo inayoendeshwa kwa umeme) au swichi ya ufunguo. Lililoanza kukohoa, kushtuka na kupoteza nguvu kabla ya kunyamaza, mara nyingi limekosa mafuta. Tazama pia mshale wa joto. Ukiwa juu, au kama injini ilikuwa ikigonga, usijaribu kuliwasha na usifungue mfuniko wa radieta, kwani hilo ni tatizo la aina nyingine kabisa.

Sasa piga stata, kwa muda usiozidi sekunde 10. Ikilia "tik" tu au ikizunguka kivivu, anza na betri na vichwa vyake: betri nzima iliyotulia husoma takriban volti 12.6, na ikishuka chini ya volti 10 wakati stata inazunguka, imechoka au haina chaji. Kama taa ya betri iliwaka kwenye dashibodi kabla gari halijazima, shuku alteneta, yaani kifaa kinachochaji betri, ambayo injini ikiwaka inapaswa kutoa kati ya volti 13.5 na 14.5 hivi. Gari lenye alteneta mbovu litawaka kwa kuazima umeme wa gari jingine, kisha litazima tena baada ya kilomita kadhaa. Stata ikizunguka kwa wepesi usio wa kawaida, kana kwamba injini haina mzigo, acha mara moja, kwa sababu huenda mkanda wa taimingi umekatika, na kuendelea kuzungusha kunaweza kupinda valvu.

Stata ikizunguka kama kawaida na injini haishiki, mwambie mwenzako aendelee kuipiga kidogo huku wewe ukiangalia mshale wa mizunguko ya injini. Katika magari mengi mshale huo hutikisika kidogo. Ukibaki kwenye sifuri, sensa ya krankishafti, ile inayoiarifu kompyuta kwamba injini inazunguka, ndiyo mshukiwa wa kwanza. Sensa hii hukatika ndani inapopata moto na kurudi inapopoa, na kompyuta isipopata ishara yake haitoi cheche wala mafuta. Ikiwa mahali ilipo panafikika bila kugusa eksozi, ibandike kitambaa kilicholoweshwa kwa dakika chache. Injini ikiwaka mara baada ya hapo, umepata ushahidi ambao gereji haitaupata. Langu lilikuwa hilo.

Mshale ukitikisika, tenganisha mafuta na cheche. Piga stata mara mbili tatu, kisha fungua plagi moja. Ikiwa imelowa na inanuka petroli, mafuta yanafika na cheche ndiyo inayokosekana. Ikiwa kavu kabisa, mafuta hayafiki. Kupima cheche yenyewe, kwanza ondoa fyuzi ya pampu ya mafuta, pachika plagi ya akiba kwenye koili, igusishe na chuma cha injini na usiishike kwa mkono mtupu, kwa sababu umeme wake ni wa maelfu ya volti.

Kwa upande wa mafuta, wengi hufungua ufunguo na kusikiliza mlio wa pampu kwenye tenki, lakini katika magari mengi ya Toyota pampu hufanya kazi tu stata inapozunguka, kwa hiyo ukimya wa awali si ushahidi. Sikiliza wakati wa stata. Isiposikika, badilishana rilei yake na nyingine ya aina ileile, mathalani ya honi, kisha gonga chini ya tenki kwa ngumi huku stata ikizunguka. Ikishtuka na gari likawaka, mota ya pampu imekwisha. Kuendesha kila siku na mafuta ya chini kabisa huichosha, kwa kuwa petroli ndiyo inayoipoza.

Mwisho, mashine ya kusoma makosa iunganishwe kabla mtu yeyote hajachomoa betri, maana katika magari mengi kuichomoa hufuta kumbukumbu. Kodi ya kosa P0335 huelekeza kwenye sensa ya krankishafti au nyaya zake, lakini kutokuwepo kwa kodi hiyo hakuiondolei sensa shaka. Na ukishabadilisha kifaa, liendeshe gari mchana wa jua, kwa muda mrefu kuliko ule lililokuwa likizimia, ndipo umlipe fundi salio lake.