Vizibo, Trei ya Mayai na Samaki wa Jana: Kufundisha Kukadiria, Kujumlisha na Grafu

Mwongozo huu nimewaandikia walimu wa elimu ya awali na wa Darasa la Kwanza na la Pili, pamoja na mzazi anayetaka kumsaidia mwanawe nyumbani. Zana zote zinapatikana Mwanza bila gharama kubwa: vizibo vya soda, trei za mayai, makopo mawili ya plastiki yanayoonyesha ndani na yanayolingana ukubwa, na chaki.

Hatua ya kwanza: andaa zana

Osha vizibo, uvitoe vyenye kutu, na trei uzianike juani. Trei ya kawaida ina matundu 30, yaani safu sita za matundu matano. Ukiikata kila baada ya safu mbili utapata vipande vitatu vyenye matundu kumi kila kimoja. Ukipenda kutumia konokono au vijiwe vya ufukweni badala ya vizibo, usiwatume watoto kuviokota majini, kwa kuwa kichocho bado kipo katika mwambao wa ziwa letu.

Hatua ya pili: kukadiria kabla ya kuhesabu

Weka vizibo 10 katika kopo moja na 34 katika jingine, kisha uulize kopo la pili lina vizibo vingapi. Siku ya kwanza utasikia "mia" na hata "elfu", na hakuna haja ya kucheka. Waonyeshe kopo la kumi, waache walinganishe, na kila mtoto ataje makadirio yake. Baada ya hapo mimina kopo la pili, hesabuni vizibo kumi tu, kisha uulize tena kama kuna anayetaka kubadili jibu. Ruhusa hiyo ya kubadili ndiyo kiini cha zoezi, kwa sababu kukadiria ni kufikiri kwa kutumia kile unachokijua tayari. Mtoto aliyewahi kufika soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, amekwisha kumwona mama akilitazama turubai la dagaa na kukisia litatoa sado (kopo la kupimia) ngapi. Mkumbushe hilo naye ataelewa haraka.

Mwanzoni nilikosea. Nilikuwa nikimpigisha makofi aliyepatia idadi kamili, na haukupita muda mrefu watoto wakawa wanafuta makadirio yao kwa siri na kuandika jibu baada ya mwenzao kuhesabu. Siku hizi nasifu maelezo: "Umejuaje kuwa ni kama thelathini?"

Hatua ya tatu: kujumlisha kwa kujaza kumi

Mpe mtoto vipande viwili vya trei. Kwa 8 + 5, aweke vizibo vinane katika kipande cha kwanza na vitano katika cha pili. Wengi wataanza kuhesabu upya kutoka moja, usiwakatize. Wakimaliza, uliza: "Kipande cha kwanza kimebakiza matundu mangapi?" Mtoto mmoja alinyamaza kidogo, akachukua vizibo viwili kutoka upande wa pili, akavibonyeza katika matundu yaliyokuwa wazi, akasema, "Mwalimu, kumi imejaa, na hivi ni vitatu." Hapo ndipo alama za 13 zinapofaa kuandikwa ubaoni, kumi moja na mamoja matatu, wala si kabla yake.

Hatua ya nne: grafu ya samaki

Uliza kila mtoto jana alikula samaki gani: dagaa, sato au sangara. Nilipoifanya mara ya kwanza niliwaacha wachore samaki wenyewe na kuwabandika ukutani. Sangara sita walichorwa wakubwa, dagaa tisa wakachorwa wadogo, na safu ya sangara ikapanda juu kuliko ya dagaa. Watoto wakasema sangara ni wengi, na kwa walichokuwa wakikiona sikuweza kuwalaumu.

Kwa hiyo chora sakafuni miraba inayolingana kwa chaki, safu zote zianzie mstari mmoja, na kila mtoto aweke kizibo kimoja katika mraba mmoja. Anza na maswali mepesi, kama vile safu ipi ni ndefu zaidi, ndipo uulize dagaa wamezidi sato kwa ngapi. Swali hilo huwatatiza, basi waache wanyooshe kidole kwenye vizibo visivyo na mwenza. Kuhamishia grafu kwenye daftari kunaweza kusubiri siku nyingine.

Hatua ya tano: jumlisha safu zote

Kabla ya kujumlisha, wakadirie jumla. Darasani kwangu tulikuwa na dagaa 14, sato 9 na sangara 8. Tulijaza vipande vya trei tukapata 31, ilhali watoto walikuwa 32. Tulihesabu tena, jibu likawa lilelile, mpaka mmoja aliyekaa nyuma akafungua kiganja chenye kizibo na kusema kwao jana walikula maharage. Tukamchorea safu ya nne.