Nyanya za vuli huku kanda ya ziwa: kabla hujanunua mbegu, angalia shamba lako kwanza

Mwangaluka wadau. Ikifika mwezi wa nane hivi maswali yanakuwa yaleyale, mbegu gani ya nyanya inalipa, na majibu nayo yaleyale, mmoja atakwambia Assila, mwingine Kilele, mwingine anakutajia jina ambalo maduka yote ya pembejeo hapa Mwanza hawalijui, na wote wanaweza kuwa wamepata hela kweli ila wamepata kwenye shamba lao. Wewe lako lina ugonjwa wake na soko lako lina mteja wake. Ukungu utanunua dawa, mbolea ikipungua utaongeza, lakini kuna magonjwa ambayo mche ukishakuwa ardhini hamna kitu utapulizia kikasaidia, kinga yake inakuja ndani ya mbegu au haiji kabisa. Ndo maana mi nashauri uanzie hapo, mambo ya tunda kubwa tunda dogo yafuate baadae.

Kwa hiyo jiulize nyanya za mwisho kulimwa hapo zilikufaje. Kama shamba ni la kukodi muulize mwenye shamba, na usiishie kwake maana anataka hela yako ya kodi, muulize na jirani anayelima mpaka mmoja na hilo shamba. Kama kuna mabaki ya nyanya, bilinganya, pilipili au ngogwe bado yamesimama, una bahati, yang'oe uangalie.

Cha kwanza kabisa ni mnyauko wa bakteria. Huku ziwani joto lipo na unyevu upo, ni ugonjwa unaopenda hali kama hii. Utaujua hivi: mche mzima wa kijani, una maua, unalegea saa sita mchana kama umekosa maji, jioni unainuka unafikiri umepona, siku mbili tatu mbele umelala moja kwa moja na majani bado yana kijani chake. Watu wanaongeza maji hapo, na maji ndo yanabeba bakteria kupeleka kwa mche wa jirani. Kipimo chake hakina gharama. Kata kipande cha shina karibu na ardhi, kama urefu wa kidole, tumia kisu kikali kata iwe safi, halafu chukua glasi ya kioo weka maji masafi, kining'inize kile kipande ile sehemu uliyokata iguse maji tu, usitikise, subiri dakika chache huku unaangalia kwenye mwanga. Kama ni bakteria utaona nyuzi nyeupe kama maziwa zinashuka taratibu kutoka kwenye shina kwenda chini ya glasi. Kama hamna nyuzi na ukipasua shina kwa urefu unakuta rangi ya kahawia ndani, na majani ya chini yalianza kuwa njano tena mara nyingi upande mmoja kwanza, huo utakuwa mnyauko wa fuzari, ambao una mbegu nyingi tu zenye kinga, hata za bei ya chini.

Sasa ukiona zile nyuzi, nitakwambia ukweli, usitafute mbegu, tafuta shamba jingine. Zipo mbegu zenye uvumilivu wa mnyauko wa bakteria, kwenye pakti utakuta wameandika Bw au Rs, lakini udongo ukishajaa bakteria hata hizo zinaelemewa hasa kukiwa na joto na maji mengi. Hapo panda mahindi, kabichi au vitunguu misimu kadhaa, na usirudishe jamii ya nyanya, yaani bilinganya, pilipili, ngogwe, viazi mviringo, na ung'oe mnavu maana nao unatunza ugonjwa. Wenye uwezo wanaunganisha nyanya juu ya mzizi wa bilinganya linalovumilia bakteria, ni teknolojia inayofanya kazi vizuri tu na Asia wanaitumia sana, ila kwa eka nzima na mtaji wa kuungaunga sikushauri uanzie huko.

Cha pili minyoo fundo. Hii inawahusu sana mnaolima udongo wa kichanga, ile luseni ya Kisesa, Magu, Misungwi huko, na hata fukwe za Igombe na Kayenze. Ng'oa mzizi, ukikuta vinundu vinundu vya kuvimba mzizi wenyewe (sio vile vya kunde vinavyobanduka kwa kidole) basi minyoo ipo na unahitaji mbegu yenye herufi N au Mi kwenye pakti. Kuna kitu wauzaji hawakwambii lakini, ile kinga inapungua nguvu udongo ukizidi nyuzijoto 28, na mchanga wa mwezi wa tisa saa nane mchana unaujua mwenyewe ulivyo, mguu hauukanyagi. Kwa hiyo hata ukinunua mbegu yenye N, tandaza nyasi kavu au pumba kwenye tuta uupoze udongo, na samadi iliyooza usiibanie.

Cha tatu ni rasta, ile majani yanajikunja kwenda juu, pembeni yanakuwa ya njano, mche unadumaa na maua yanapukutika. Inaletwa na inzi weupe na inakuwa kali kiangazi, kwa hiyo nyanya zinazohamishwa mwezi wa nane na wa tisa kabla mvua haijachanganya ndo zinaipata vizuri. Mche ukiambukizwa mdogo hautakupa kitu. Kwa vuli mi naona hii ndo herufi ya kuitafuta kuliko zote, TYLCV, ndo kifupi cha virusi vya rasta kwenye pakti. Assila imepata jina kwa sababu hiyo, inavumilia rasta. Ukinunua Cal J au Tanya au Roma upande kipindi hicho bila chandarua kwenye kitalu unacheza kamari tu.

Herufi zenyewe sasa, maana watu wanalipa hela nyingi halafu hawasomi pakti. V na F ni minyauko miwili ya ukungu, vetisilia na fuzari, ndo maana Roma inaitwa Roma VF. ToMV ni virusi vya batobato. Ukiona HR maana yake kinga ni kubwa, IR ni kinga ya kati, inapunguza makali tu, shinikizo likizidi mche unaumwa. Halafu msichanganye, ile F1 iliyofuata jina la mbegu haihusiani na ugonjwa, ni alama kwamba ni chotara, na chotara sio lazima iwe na kinga unayoitaka wewe. Nimeona mtu ananunua chotara ya bei mbaya yenye V na F tu wakati shamba lake linasumbuliwa na minyoo, amelipia kinga ya ugonjwa asio nao.

Kuna mawili ambayo mbegu haitakuokoa. Kantangaze, yule mdudu aliyeingia nchini mwaka 2014 anayechimba majani na kutoboa matunda, hana mbegu ya sokoni inayomzuia, muuzaji akikwambia ipo muulize imeandikwa wapi kwenye pakti. Na bakajani chelewa nayo, ule ugonjwa wa ukungu unaounguza majani, mbegu nyingi zinazouzwa huku hazina kinga ya maana. Huku kwetu mvua za ziwani zinapenda kupiga usiku wa manane na alfajiri, majani yanalala yameloa mpaka saa tatu asubuhi, ukungu unapenda hivyo hivyo. Cha kufanya kwenye uchaguzi ni kuchagua mmea unaopitisha hewa, na kutenga hela ya dawa za ukungu kabla hujanunua mbegu. Kama hela ya dawa haipo, punguza eneo.

Hapo ndo tunakuja kwenye fupi na ndefu. Nyanya fupi (Tanya, Cal J, Roma, Rio Grande, na chotara kama Assila na Kilele) zinafika urefu fulani zinasimama, matunda yanaiva kwa kipindi kifupi, unachuma wiki kadhaa unamaliza. Ndefu kama Anna F1, au Money Maker ile ya zamani, zinaendelea kupanda na kuzaa, zinataka miti, kamba, kupogolea kila wiki. Kwa kilimo cha nje chenye mtaji mdogo chukua fupi, ila kipindi cha mvua hata hizo fupi wekea vijiti, tunda likigusa udongo uliolowa umelipoteza. Ndefu zinafaa mwenye shamba nyumba (greenhouse), au mwenye eneo dogo nyumbani Buswelu huko anayetaka kuchuma kidogo kidogo miezi mingi. Mtu wa eka moja asidanganywe na picha ya Anna iliyojaa matunda, aulize kwanza nani atapogolea.

Upande wa mteja. Kama unauza kwa dalali, mzigo unaingia kwenye tenga, unapakiwa kwenye fuso, unashushwa sokoni, unamwagwa, unapangwa kwenye sado, yaani nyanya ya ngozi laini inafika imekuwa rojo. Hapo unataka tunda la mviringo mrefu, nyama nzito, ngozi ngumu, na Tanya mpaka leo inabaki kuheshimika kwa hilo ingawa ilitoka Tengeru miaka ya tisini. Watu wa Sengerema zamani mliteseka na foleni ya kivuko, nyanya zinapikwa na jua pale Busisi, tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 mnaweza hata kufikiria nyanya laini kidogo za kuuza siku hiyohiyo. Ukerewe bado mnategemea maji, nyie ngozi ngumu haina mjadala. Ila kama unauza mwenyewe mafungu mtaani au kwa mama ntilie, mambo yanabadilika, mama ntilie anataka nyanya inayoiva nyekundu ndani mpaka nje na kuyeyuka haraka kwenye mchuzi wa sato, zile ngumu sana anazikataa anasema zinakula mkaa. Kwa hiyo kabla ya kununua mbegu nenda sokoni, Mkuyuni au Buhongwa au soko lolote unalouzia, shika nyanya zilizopo, uliza wauzaji ipi inaisha kwanza na ipi inalala.

Hesabu ya mbegu. Ukipanda sentimita 90 mstari kwa mstari na 45 mche kwa mche, eka inaingia miche kama 10,000. Chotara zinauzwa kwa idadi, pakti ya mbegu 1,000 ni ya kawaida, kwa hiyo andaa pakti 11 au 12 maana hazitaota zote. Mbegu za kawaida gramu moja ina mbegu kama 300, kopo la gramu 50 linakutosha eka na miche ya kuziba mapengo inabaki, hauna haja ya kununua gramu 100. Za kawaida unaweza kukamua mwenyewe kutoka kwenye matunda ya miche yenye afya, chotara usirudie, watoto wake hawafanani na mama na ile kinga inatawanyika. Chotara zioteshe kwenye trei, mbegu moja shimo moja, kuzimwaga kwenye tuta la kitalu ni kutupa hela.

Kununua, nunua kopo au pakti iliyofungwa yenye lebo ya TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha mbegu, kwangua lebo uhakiki kwa simu hapohapo dukani, angalia tarehe, dai risiti. Za kupimiwa kwa kijiko achana nazo hata kama muuzaji ni shemeji yako.

Kalenda ya vuli, mi naipenda hivi: kitalu katikati ya mwezi wa nane, chini ya chandarua, miche inahamishwa katikati ya mwezi wa tisa kwa kumwagilia, mvua za mwezi wa kumi zinaikuta imeshika, na kwa fupi nyingi uchumaji unaanza mwishoni mwa Novemba kuelekea sikukuu. Unayevuta maji ziwani kumbuka sheria ya mazingira ya 2004 inakataa shughuli za kudumu au zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa maji, na ukiacha sheria, ziwa lenyewe 2020 na 2024 lilipanda likafuata watu mashambani.

Na usipande aina moja eka nzima kama hujawahi kuilima. Chagua moja unayoijua iwe sehemu kubwa, weka mistari michache ya mpya katikati ya shamba, sio pembeni, maana pembeni inzi weupe wanaanzia huko utailaumu mbegu bure. Chomeka kijiti chenye jina na namba ya toleo iliyo kwenye pakti, na andika kwa kalamu ya risasi kwa sababu peni na maka pen jua la huku linafuta kabla hujachuma tenga la kwanza.