Jina la juu linabadilika, kaangalie la chini: jinsi ya kujua unaongea na nani kwenye gemu

Wadau wa Roblox, Second Life, Free Fire, PUBG Mobile na Minecraft hii ni yenu, na wazazi wenye madogo wanaoshinda na simu likizo nzima nao wasiondoke. Nataka tuongelee haya majina yanayobadilika, maana kila nikikaa na wacheza gemu hapa Dar lazima nikute mmoja analia kapigwa, kaliwa skini zake (yale mavazi na mapambo ya kwenye gemu) au katuma hela kwa "admini" ambaye kumbe sio admini, na ukimuuliza ulijuaje ni admini anakwambia bro jina lilikuwa lile lile. Jina lipi sasa? Hapo ndo shida inapoanzia.

Una majina mawili, sio moja

Gemu na dunia nyingi za mtandaoni siku hizi zinakupa jina la mtumiaji, lile ulilofungulia akaunti, halafu juu yake unaweka jina la kuonekana, ambalo ndo watu wanaliona linaelea kichwani kwa avata yako, yule mtu wako wa kwenye gemu. Mimi naita jina la juu na jina la chini, rahisi kukumbuka. La juu unabadilisha utakavyo na kwenye majukwaa mengi watu hata mia wanaweza kuwa nalo kwa wakati mmoja. La chini ni la kwako peke yako. Chini kabisa ya yote mawili kuna namba ya akaunti, ID, ambayo haibadiliki hata ufanyeje. Chukulia maskani: jamaa mnamwita Chidi Bonge, mwakani kakonda mnamwita Chidi Njiti, akihamia Mbagala huko wanamwita Mkongo na wala hajawahi kuvuka Ziwa Tanganyika, ila namba yake ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, ni ile ile.

Roblox walifungulia majina ya kuonekana dunia nzima mwaka 2021. Unabadilisha bure kila baada ya siku 7, yanaruhusiwa herufi 3 mpaka 20, na hakuna wa kukuzuia kuchukua jina la juu ambalo tayari mtu mwingine anatumia. Jina la mtumiaji la Roblox nalo linabadilika lakini unalipia Robux 1,000 (Robux ndo pesa ya humo ndani), kwa hiyo matapeli wengi hawahangaiki nalo, wanacheza na la juu kwa sababu ni la bure. La chini utalitambua kwa alama ya @ mbele yake ukifungua profaili.

Second Life, dunia ya mtandaoni ambayo ipo toka 2003, ilipitia hili zogo mapema zaidi. Zamani ukijiunga ulikuwa unajipa jina la kwanza mwenyewe halafu la ukoo unachagua kwenye orodha yao, na watu waliyapenda hayo majina ya ukoo balaa, ukikutana na wa ukoo wako mnasalimiana kama ndugu. 2010 Linden Lab, kampuni yenye Second Life, wakaleta majina ya kuonekana, mpaka herufi 31, kubadilisha mara moja kwa siku 7, na unaruhusiwa kuandika kwa karibu herufi za lugha yoyote duniani. Akaunti mpya zote zikaanza kupewa ukoo mmoja, Resident. Wakongwe walipiga kelele sana, na hoja yao kubwa ilikuwa hii hii, kwamba sasa mtu yeyote anaweza kuvaa jina langu nililolijenga miaka yote, aende dukani kwangu akawatapeli wateja wangu. Kwa upande wangu hawakuwa wanadeka, biashara ya nguo na viwanja kule inahusu hela za kweli. Ila pia walikuwepo watu ambao kwao ilikuwa nafuu, mtu alijiunga akiwa na miaka kumi na nane akajiita jina la kitoto, sasa ni mtu mzima anafundisha darasa humo ndani na bado anaitwa vile vile.

Minecraft wao hawana mambo ya juu na chini, jina ni moja na unaweza kulibadilisha kila baada ya siku 30, ila nyuma yake kuna namba ndefu ya akaunti ambayo seva inaitumia kukutambua. Angalizo moja ambalo wengi hawalijui, ukiliacha jina lako la zamani, baada ya siku 37 linakuwa huru na mtu mwingine anaweza kulichukua. Kwa hiyo kama umejulikana kwa jina hilo fikiria mara mbili kabla hujalitupa. Na toka 2022 ule mfumo wa kuangalia majina ya zamani ya mtu umeondolewa, so usitegemee kumfukunyua mtu historia.

Free Fire na PUBG Mobile mnajua wenyewe, kadi ya kubadilisha jina ndo habari ya mjini, watu wanabandika mabawa na mapanga na herufi za Kijapani mpaka jina halisomeki. Huko la kushika ni ID ya namba tu. Na kama umewahi kununua UC au almasi, zile pesa za humo ndani, unajua hili tayari, maana anayekuuzia hakuulizi jina, anakuuliza ID.

Kumcheki mtu kabla hujampa kitu

Mtu akikuomba chochote cha thamani, skini, Robux, nafasi ya uongozi kwenye klani (kikundi chenu cha kucheza pamoja), au akakuambia "ni mimi, nimebadilisha jina tu", usisome jina lake, ligonge. Fungua profaili, soma lile la @ au ile ID, linganisha na uliyokuwa nayo. Kama hukuwa nayo popote basi huna cha kulinganishia, na hapo ndo ujue klani yenu haijajipanga. Kiongozi wa klani akae na orodha ya ID za watu wake sehemu, hata kwenye grupu la WhatsApp ipini ile meseji juu, kazi ya nusu saa.

Usiamini macho kwenye herufi. I kubwa na l ndogo kwenye simu nyingi zinafanana kabisa, sifuri na O ndo usiseme, na kuna herufi za Kirusi kama а ambayo ukiiangalia ni a yetu hii hii lakini kwa kompyuta ni kitu kingine. Ujanja wangu ni huu, badala ya kusoma jina la chini la huyo anayejiita rafiki yako, mtafute rafiki yako mwenyewe kwenye orodha yako ya marafiki. Kama ndo yeye, profaili itakayofunguka ni ile ile. Kama kwenye orodha rafiki yako yupo palepale na jina lake la kawaida, na huyu wa pili anakuandikia pembeni, basi unajua uko na nani.

Cheki pia akaunti imefunguliwa lini. Roblox inaonyesha tarehe ya kujiunga, Second Life pia profaili inaonyesha avata kazaliwa lini. Kiongozi wa miaka minne akiwa na akaunti ya juzi, mmh. Kwenye Second Life ingia Preferences, sehemu ya General, washa majina ya mtumiaji yaonekane kwenye vibandiko vya kichwani, halafu yaache hivyo hivyo moja kwa moja. Wengi wanayazima eti yanachafua picha. Sawa, ila usije kulia.

Bado una wasiwasi? Mpigie. Sio kumwandikia meseji kwenye gemu hiyo hiyo, mpigie simu au mtumie voisi noti WhatsApp kwa namba uliyokuwa nayo kabla ya haya yote. Watanzania hatuhitaji kufundishwa hili, nchi nzima imeshatumiwa meseji ya "ile hela tuma kwenye namba hii". Ni wale wale, wamehamia kwenye gemu tu.

Hela ikiingia katikati

Hapa nataka ukae vizuri kwa sababu hapa ndo watu wa kwetu wanavuja bila kujua. Tuseme kwenye gemu unajiita KivuliTZ, hakuna anayekujua, safi. Unauza akaunti au skini, mnunuaji anasema nipe namba nikurushie. Unampa. Anaingia kwenye menyu ya kutuma pesa, anaandika namba yako na kiasi, na kabla hajathibitisha mtandao unamletea jina lako kamili ulilosajilia laini. Anakansel. Hela hajatuma ila jina lako analo, namba yako anayo, na kwa majina mawili matatu na Facebook dakika kumi tu anajua ulisoma wapi. KivuliTZ kwisha habari.

Kwa hiyo kama unalinda utambulisho wako usitoe namba yako ya kila siku kwa mtu wa kwenye gemu. Wenye duka wana lipa namba inayotoa jina la biashara, kama unauza mara kwa mara fungua hiyo. Kama ni mara moja moja pitia kwa mtu mzima unayemwamini. Madogo, mtu mzima maana yake mama, baba au kaka mkubwa, sio admini wa grupu.

Silaha hiyo hiyo inakata upande wako pia. Wewe ukiwa ndo unatuma, andika namba, subiri jina litokee, lisome. Jamaa anajiita Bosi Frank kwenye gemu, picha ya mwanaume mwenye ndevu, jina linalokuja ni la bibi wa Newala. Inaweza kuwa laini ya mama yake kweli, lakini uliza kwanza, na akianza kukuharakisha "tuma fasta ofa inaisha" kansel.

Kuchagua jina lako mwenyewe

Juma_Sinza_2011 ni jina baya sana. Umeshatuambia jina, mtaa na umri kwa mpigo, na ukiongeza picha ya yunifomu kwenye profaili tunajua na shule. Usiweke jina la ukoo, mwaka wa kuzaliwa, shule, timu ya mtaani kwenu wala tarakimu za mwisho za simu. Simba na Yanga weka tu, mko wengi mno hakuna atakayekutambua kwa hilo.

Kingine, usitumie jina moja kila mahali. Ukiwa mtu yule yule TikTok, Instagram na Roblox, anayekutafuta anaandika mara moja anakupata kote. Na kumbuka jina la chini ndo linalobaki, sasa watu wanahangaika kulipamba la juu huku la chini walilolifungulia wakiwa darasa la tano lina majina yao yote matatu. Anza kulisafisha hilo hata kama itabidi ulipie. Second Life wameruhusu kulibadilisha la chini toka 2020, kwa wenye akaunti ya kulipia ya Premium, na kubadilisha kwenyewe nako ni kwa malipo. Kwenye Roblox ujue kwamba majina ya mtumiaji uliyowahi kutumia yanaonekana kwenye profaili, kwa hiyo kulibadilisha hakufuti la zamani, na kama la zamani ndo lenye jina la baba yako bora ufungue akaunti mpya.

Kuna watu watakwambia mwenye nia njema habadilishi jina. Sikubaliani nao hata kidogo. Kuna dada anaandamwa na mtu kila seva anayoingia, kuna mtu kaachana na mchumba ambaye jina lake kalibeba kwenye avata, kuna mwalimu hataki wanafunzi wake wamkute anacheza saa sita usiku. Jina linalobadilika ni haki yao. Wajue tu kwamba marafiki wa zamani bado wanaliona la chini, so anayekuandama na yuko kwenye orodha yako ya marafiki hutamkimbia kwa jina jipya, mtoe kwenye orodha na umbloku. Na yeye ukishambloku akibadilisha jina haitamsaidia, bloku inashika akaunti. Akifungua akaunti mpya unabloku tena, inachosha, najua.

Kwa wale mnaotengeneza gemu Roblox Studio: hifadhi data na orodha ya waliofungiwa kwa UserId (ile ID ya namba), sio kwa jina la mtumiaji na sio kwa DisplayName hata siku moja. Second Life vivyo hivyo, tumia ile kii ya avata, ndo ID yake.

Mtu akivaa jina lako

Piga skrinishoti, lakini ya profaili yake nzima ikionyesha @ au ID, tarehe, na nakili linki. Skrinishoti ya mazungumzo yenye jina la juu pekee haina kazi, maana jina hilo ni lako pia, atakayesoma atadhani wewe ndo uliyesema. Ripoti ndani ya gemu kwanza, watangazie watu wako ID yako ya kweli, uwaambie wote wabloku. Kama ametapeli mtu kwa jina lako au wewe ndo umetapeliwa, hiyo sio utani wa gemu tena, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kifungu cha 15 kinakataza kujifanya mtu mwingine kwa kutumia kompyuta, nenda polisi na hizo skrinishoti. Alikutumia meseji za simu? Ile namba na ujumbe wake vitume 15040 ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Na ukiwa hapo hapo piga *106# uangalie laini zilizosajiliwa kwa NIDA yako, ukikuta usiyoijua nenda kwa mtandao husika wakaifunge.