Kabla hujachora bajaji yako ya kuingiza kwenye gemu, panga haya kwanza

Mtu akipata hamu ya kuweka kitu chake kwenye gemu, anakimbilia kushusha softiwea, na hapo ndo anapoharibu. Juzi dogo mmoja wa jirani hapa Sinza kaja kwangu na laptopu, anataka atengeneze bajaji aiingize kwenye GTA San Andreas, bajaji kabisa ya kwetu yenye turubai jeusi na maandishi nyuma. Kashusha Blender, ile programu ya kuchorea maumbo ya 3D, tena mpya kuliko zote, bando la wiki limeishia humo, akifungua inamlalamikia kadi ya grafiksi halafu inajifunga. Iliniuma kwa sababu hata kuchora hajaanza, kakosea mpangilio tu. Na mpangilio wenyewe unaanzia mwisho unarudi mwanzo: gemu inakwambia aina ya faili, faili linakwambia plagini (kiprogramu cha kuiongezea Blender uwezo), plagini inakwambia toleo la Blender, afu laptopu yako ndo inasema kama toleo hilo inaliweza.

Kwa hiyo anza na gemu. San Andreas ilitoka 2004 kwenye PlayStation 2, ikaja PC 2005, na mpaka leo watu wanaipenda huku kwetu kwa sababu inacheza hata kwenye mashine ya kizamani. Humo ndani umbo la kila kitu linakaa kwenye faili la DFF, picha zinazovalishwa juu ya hilo umbo zinakaa kwenye TXD, na kuna COL ambayo ndo inafanya ugonge ukuta badala ya kupita katikati yake kama jini (kwa magari hiyo COL inafichwa humohumo ndani ya DFF). Hakikisha ni ile gemu ya zamani unayo. Ile ya 2021 inayoitwa Definitive Edition imejengwa juu ya Unreal Engine na DFF zako haina habari nazo, usije ukahangaika wiki nzima bure. Hata kwa ya zamani, modi nyingi, yaani vitu vya watu vya kuongezea kwenye gemu, zilitengenezwa kwa toleo 1.0, basi cheki lako ni lipi mapema.

Plagini ninayotumia mimi ni DragonFF, ni ya bure, inaifundisha Blender kusoma na kutoa DFF. Inataka Blender 2.8 kwenda juu, na soma maelezo ya hiyo uliyoshusha ujue imejaribiwa mpaka toleo gani kwa sababu Blender inabadilika sana. Sasa njoo kwenye laptopu. Nyingi tunazonunua Kariakoo ni za mtumba, Core i5 za kizazi cha tatu zimejaa, na ndani yake kuna Intel HD 4000 ambayo kwenye Windows inaishia OpenGL 4.0 (OpenGL ndo lugha ambayo programu inaongea na kadi ya grafiksi). Blender kuanzia 4.0 inataka OpenGL 4.3. Hapo ndo dogo alipokwama, na hakuna draiva wala apdeti itakayomwokoa, dawa ni kushusha toleo la nyuma. Tulimwekea 2.93 ikafunguka freshi. Ila kama bado uko Windows 7 basi 2.93 nayo inakukataa, rudi 2.83. Matoleo yote ya nyuma yapo kwenye tovuti ya Blender yenyewe, yapo mpaka ya zip ambayo huinstoli, unafungua folda unaendelea na kazi. Blender ni ya bure toka msimbo wake ulipofunguliwa 2002, kwa hiyo usiipokee kwenye flashi ya mtu ambaye anakwambia kaikraki. Haina cha kukrakiwa, na flashi za hivyo ndo zinakuja na virusi vinavyokugeuzia mafaili yote kuwa shotikati.

Ukishaifungua, kuinstoli plagini ni Edit, Preferences, Add-ons, unachagua ile zip yake bila kuifungua. Kama laptopu yako haina namba za pembeni kwenye kibodi, humohumo Preferences sehemu ya Input washa Emulate Numpad, maana bila hizo namba kugeuka mbele, pembeni na juu ni mateso. Na tafuta mausi yenye gurudumu. Nakwambia kwa moyo mmoja, kuchora kwa padi ya laptopu kunakatisha watu tamaa kuliko ugumu wa kazi yenyewe.

Gemu nayo iandalie mazingira. Kopi folda lote la gemu uliweke pembeni kama bekapu kabla hujagusa chochote. Vitu vingi viko ndani ya gta3.img, hilo faili ni kama gunia, lina maelfu ya modeli humo, na zamani watu walikuwa wanalifungua na kuchomeka vitu vyao humohumo, ukikosea kidogo gemu haiwaki tena. Siku hizi kuna Mod Loader, unaiweka pamoja na ASI Loader (kiprogramu kinachoifanya gemu ikubali nyongeza kama hizi), afu kitu chako unakitupia kwenye folda la modloader kikiwa na jina lilelile la kitu cha gemu unachotaka kukibadilisha. Ukikitoa gemu inarudi kama zamani. Utahitaji pia programu ya kufungua hiyo IMG ili utoe modeli ya asili uiangalie, na Magic.TXD kwa ajili ya teksicha, yaani zile picha za kuvalisha umbo. Hivi vyote shusha siku moja, viweke folda moja, andika pembeni kila kimoja ni toleo gani, kwa sababu siku laptopu ikifa utataka kurudisha vilevile vilivyokuwa.

Umeme nao uuwekee mpango. Betri za laptopu za mtumba nyingi zimechoka, LUKU ikiisha katikati ya kazi na mashine inazima palepale. Mimi niliwahi kupoteza kazi ya usiku mzima hivyo na iliniuma sana, nilikuwa nimeshamaliza tairi zote. Blender inajihifadhi yenyewe kila baada ya dakika 2 ukiiacha ilivyo, kuna Recover kwenye menyu ya File, ila faili hilo linakaa kwenye folda la muda, sasa usilitegemee peke yake. Hifadhi mwenyewe kwa namba, bajaji_01, bajaji_02, na kila siku tupia kopi kwenye flashi. Majina yawe mafupi, bila nafasi, herufi ndogo, kwa sababu jina la teksicha lisipite herufi 31. Na joto letu hili la Januari na Februari usiweke laptopu juu ya godoro, iweke mezani ipumue.

Hii inayofuata watu wanaipita mbio na mimi naona ndo yenye uhai wenyewe. Pima kitu halisi. Kwenye San Andreas yuniti moja ni mita moja, kwa hiyo ukiwa na vipimo vya kweli hubahatishi. Chukua futikamba nenda kijiweni, muombe dereva ruhusa, mwambie unafanya nini (wengi wanafurahi mno na watakuonyesha mpaka vitu ambavyo usingeviona), pima urefu, upana, kimo, kipenyo cha tairi, umbali toka tairi la mbele mpaka ya nyuma, kimo cha siti. Andika kwenye daftari. Afu piga picha mbele, nyuma, pembeni zote mbili, na ukipiga simama mbali kidogo uzoomu, ukisogea karibu umbo linavimba katikati na ukilichora juu ya hiyo picha bajaji yako itakuwa na tumbo. Saa sita mchana usipige, jua la Dar linakuwa utosini na kivuli chini ya turubai kinakuwa cheusi tii. Saa moja na nusu asubuhi ni pazuri, na siku za mawingu ya masika ni pazuri zaidi kwa sababu mwanga unasambaa kila mahali. Piga na vipande karibu: turubai, mshono wa siti, kutu ya bampa, maandishi. Namba ya gari ya mtu usiiweke kwenye gemu, tunga ya kwako.

Picha hizo utazikata kwenye GIMP, nayo ya bure. Zipunguze ziwe 256 kwa 256 au 512 kwa 512, gemu ya umri huu inataka vipimo vya kudabo hivyo, na picha nzima ya simu ukiitupia humo unaichosha bure. Umbo nalo lisiwe zito, magari ya gemu yenyewe yana pembetatu elfu chache tu. DFF kipande kimoja hakibebi zaidi ya nukta 65,535 (nukta ni zile kona za pembetatu), ndo maana zile modeli za kushusha mtandaoni zinagoma kuingia, achilia mbali kwamba ni jasho la mtu mwingine na inabidi umuombe.

Na bajaji yenyewe usianze nayo. Gari lina mpangilio wa vipande vyenye majina maalumu, tairi, milango, chasisi, ukikosea jina moja linaota tairi hewani. Anza na dumu la lita 20, au kigoda. Hata kabla ya dumu, jaribu njia nzima kwa boksi tupu. Chukua kitu kidogo cha barabarani kwenye gemu, toa modeli yake, iingize Blender uone ukubwa wake, iondoe, weka boksi la mita moja mahali pake, bonyeza Ctrl na A uhakikishe skeli (ukubwa uliolipa) imekubali, livalishe picha yenye mshale unaoelekea Y chanya maana ndo upande wa mbele wa magari ya San Andreas, toa DFF, toa TXD, tupia modloader, washa gemu ukaliangalie.

Dogo tulimfanyia hivyo Jumamosi. Mara ya kwanza boksi likatokea jeupe, jina la teksicha halikufanana. Tukarekebisha, tukawasha tena, na lilikuwepo pale pembeni ya barabara, la njano kama dumu, mshale unaonekana vizuri kabisa, na CJ, yule mhusika unayemchezea, akaligonga likamzuia. Jumapili asubuhi akaazima futikamba ya fundi akaenda kijiweni.